Utepe wa Chumba cha Faraja

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nailoni. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, cha rangi ya maziwa, kina mto wa mgongoni, lakini kilikuwa kimevikwa nailoni kuanzia juu hadi miguuni kama kitu kinachoogopa kunyeshewa ndani ya nyumba. Kila asubuhi nilipoingia kufuta vumbi nilisema moyoni, leo wataivua. Hawakuivua. Vumbi likawa linakaa juu ya nailoni, nami nikawa nafuta nailoni, na kiti chenyewe sikuwahi kukigusa.

Nieleze mapema, msomaji mgeni asije akadhani sisi ni watu wabaya. Katika nchi yetu, ambayo jina lake jipya siwezi kulitaja kwa kuwa linasubiri kuzinduliwa, hakuna kitu kinachoanza kufanya kazi kabla mgeni rasmi hajakikatia utepe. Daraja letu lina miaka mitatu. Watu wanavuka majini, pembeni yake, huku wakilisifu kwa kivuli. Kisima cha sokoni kimejaa maji safi yanayomsubiri Katibu Mkuu. Kuna mtoto alizaliwa katika wodi isiyozinduliwa, na hadi leo ofisi ya vizazi inajadili kama kweli amezaliwa. Ni utaratibu tu. Nchi isiyo na utaratibu, kama asemavyo Mkuu wetu wa Kituo, Afande Kisalazo, ni sawa na sare isiyo na vifungo.

Kituo hicho ni cha polisi, na mimi ndiye mpika chai na mfagiaji wake. Jina langu ni Mwanne, lakini pale wananiita Chai. "Chai, njoo." "Chai, toka." Nimezoea, naitika.

Basi wafadhili wa mbali walisikia kwamba wanawake waliopigwa na waliobakwa walikuwa wanaeleza habari zao pale kaunta, wamesimama, kati ya mtu aliyepotelewa na mbuzi na mtu aliyemwiba. Wakahuzunika. Wakatujengea Chumba cha Faraja: mlango unaofungika, kile kiti, meza ndogo, boksi la tishu, na ukutani picha ya maporomoko ya maji. Mlangoni ukafungwa utepe mwekundu, mpana kama kiganja, kutoka mwimo huu hadi mwimo huu, usawa wa kifua. Waziri wa Ustawi na Sherehe akaombwa aje kuuzindua. Alipanga tarehe akaahirisha mara saba, kila mara kwa sababu ya msingi: alikuwa anazindua kitu kingine.

Kwa kuwa vumbi halihitaji kuzinduliwa, mimi peke yangu nilipewa ufunguo wa chumba na ruhusa ya kuinama chini ya utepe. Afande Kisalazo alinionya, "Ukiinama, inama kabisa. Utepe ule ni mali ya serikali. Kichwa chako ni chako."

*

Jumatatu moja akaja Dada Siwema. Nilikuwa napanga vikombe kaunta. Alikuwa amebana ubavu wa kushoto kama mtu aliyeficha kuku kwapani, jicho limevimba, anapumua kidogo kidogo. Sajini Mbwilo, mwenye kaunta, hakuinua kichwa.

"Shida?"

"Mume wangu amenipiga, afande. Nadhani mbavu. Hospitali wanataka fomu yenu kwanza, na fomu haitoki mpaka niandikiwe maelezo."

"Mume wako nani?"

"Kondo."

"Kondo yupi?"

"Wa maturubai."

Watu wote kaunta wakageuka. Hata mtu aliyekuja kwa habari za mbuzi wake aliacha kueleza. Bwana Kondo ndiye mtu pekee mjini mwenye maturubai, viti vyenye vitambaa na spika, na kamati ya maandalizi ilikuwa imemchukua kwa ajili ya uzinduzi.

"Kondo huyu huyu mcheshi?" Sajini akauliza.

"Kwenu mcheshi."

"Sasa ulimfanyia nini?"

"Nilimwuliza alikolala."

Sajini akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeona mahali waya ulipokatika. "Unaona sasa." Kisha akatabasamu, maana alikuwa na habari njema. "Lakini una bahati, dada. Watu kama wewe mmejengewa chumba. Kile pale. Kuna kiti, kuna tishu, kuna maporomoko. Mle utasikilizwa kwa staha, mlango umefungwa."

"Basi naomba niingie."

"Hakijazinduliwa."

"Basi niandikie hapa hapa, afande. Nitasimama."

Sajini akashtuka kama ametukanwa. "Hapa? Mbele ya watu? Marufuku! Waraka umeshatoka. Mambo ya aina yako yaandikwe Chumba cha Faraja tu, si kwingineko. Ni kwa heshima yako wewe."

Msomaji anaweza kuona kwamba hapa pana tatizo, lakini ofisini halikuonekana. Tangu waraka utoke, kila mwanamke aliyekuja alirudishwa kwa heshima, na kwa kuwa hakuna aliyeandikwa, takwimu zetu zilishuka hadi sifuri. Mkoa ulituandikia barua ya pongezi. Ilisema kwamba katika eneo letu ukatili umekwisha.

"Uzinduzi ni Jumamosi," Sajini akasema. "Njoo Jumatatu yake."

"Na hizi alama? Si zitakuwa zimepona?"

Sajini akafikiri. Si mtu mbaya, alifikiri kweli. "Zitunze," akasema.

Dada Siwema hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la jiko langu, na nilipompa chai ndipo aliponieleza. Alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake. Wazee wa upande wa mume walikuwa wameshatuma ujumbe: Ijumaa jioni wanakuja kumchukua. Shangazi amesema, "Mwanangu, mimi ni mjane, siwezi kubishana na wanaume watano. Niletee karatasi ya polisi yenye mhuri, nitasimama mlangoni. Bila karatasi, utaondoka nao."

"Nikirudi safari hii," Siwema akasema, "hatabakiza mbavu." Akaipuliza chai yake, kidogo sana, maana kupuliza kulimwuma.

*

Jumanne ikaanza semina. Ilikuwa semina ya siku tatu, iitwayo Kumpokea Aliyetendewa Ukatili kwa Lugha na Sura Stahiki. Mwezeshaji alikuwa Dokta Pamfili kutoka makao makuu, mtu mpole, mwenye kalamu za rangi nne. Ilifanyika kwenye ukumbi wa kituo, na madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo Dada Siwema, pale kwenye benchi, aliisikia yote bila kusajiliwa.

Siku ya kwanza walitafuta jina. Dokta alisema neno mhanga linamfanya mtu ajione amekwisha. Wengine wakapendekeza manusura. Afande Kisalazo akauliza, atakuwaje manusura na bado hatujajua kama amenusurika? Mwingine akasema tumwite mteja. Wakagawanyika makundi matano, kila kundi na karatasi yake kubwa ya ukutani.

Saa saba nilitoka na birika. Siwema akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, wanamjadili nani humo?"

"Wewe, dada."

"Wamefika wapi?"

"Bado jina."

Siku ya pili ilikuwa ya igizo. Sajini Mbwilo alichaguliwa kuwa mwanamke aliyepigwa. Waliazima kanga yangu, akajitanda. Koplo Zamoyoni, binti mgeni kazini ambaye hakuwa amepiga kelele tangu aripoti, akawa polisi. Akauliza kama alivyozoea kusikia: "Ulimfanyia nini mpaka akakupiga?"

Sajini akaruka kutoka kitini. "Swali gani hilo! Mimi nimeumia, unaniuliza nilifanya nini? Kwani mshitakiwa ni mimi? Nimetembea kwa miguu na maumivu yangu, nimekuja kwa serikali yangu, ndiyo maneno ya kuniambia hayo?" Akalia. Machozi yalitoka kweli, yalilowesha kanga. Ukumbi ulipiga makofi, Dokta akavua miwani akaifuta. Palepale Sajini akapewa cheti cha Manusura Bora wa Semina, akakitundika kaunta, juu ya kalenda.

Wakati wa chai Dada Siwema akamsogelea. "Afande, nimekusikia dirishani. Umesema ukweli mtupu. Kila neno langu umelisema wewe. Basi niandikie."

Sajini akavua kanga akanirudishia. "Dada, lile lilikuwa igizo," akasema kwa upole. "Sasa tuongee mambo ya kweli. Yule bwana ulimfanyia nini hasa?"

Siku ya tatu, karibu na kufunga, Koplo Zamoyoni akanyoosha mkono. Nilikuwa nampa sukari, akaisahau.

"Dokta, kuna dada hapo nje, leo siku ya nne anakuja. Haya tuliyojifunza, kwa nini tusimfanyie yeye?"

Dokta Pamfili akatabasamu. "Swali zuri sana, Koplo, na tuliandike. Ila kitaalamu, mazoezi hayafanywi kwa mtu halisi. Anaweza kuumia."

Wote wakaandika: anaweza kuumia.

*

Ijumaa asubuhi ilikuwa ya mazoezi ya mapokezi. Kituo kizima kilihamia uwanjani kujifunza namna ya kumpokea Waziri. Sajini Mbwilo, kwa kuwa kipaji chake kilikuwa kimeshathibitika, ndiye aliyekuwa Waziri. Alishuka kwenye gari mara kumi na moja, akakata kamba ya katani, maana utepe halisi haukutakiwa kuchokozwa. Bwana Kondo alikuwa pale pale, anafunga maturubai na kujaribu spika, huku akiwachekesha wote. "Moja, mbili! Moja, mbili! Mheshimiwa, punguza tumbo, turubai halitoshi! Moja, mbili!"

Sauti yake ilifika kila mahali, hata kwenye benchi. Kila alipohesabu, Dada Siwema alifumba macho.

Kaunta alibaki Koplo Zamoyoni peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nakata malimau, kwa sababu kamati ilisikia kwamba Waziri hunywa chai ya limau. Malimau thelathini. Saa nne na ushei Siwema akasimama dirishani kwangu.

"Mdogo wangu, nipe maji ninywe, niende nikakusanye nguo zangu. Jioni wanakuja. Usihangaike, umenipa chai siku zote hizi. Hata jina lako sijakuuliza."

"Mwanne."

"Asante, Mwanne."

Mimi si mtu wa maneno. Nikichaguliwa kusema mbele ya watu wawili, mmoja wao huwa ananisahau. Kwa hiyo sikusema kitu. Nilizunguka nje, nikamshika mkono wa kulia, ule usiouma, nikampeleka hadi kwenye Chumba cha Faraja, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Nikamwonyesha jinsi ninavyoinama kila asubuhi.

Akajaribu. Akafika nusu, ikamtoka sauti ambayo siwezi kuiandika. Akajaribu kwa upande mwingine. Hakuna upande wa mwili ambao mtu mwenye mbavu zilizovunjika anaweza kuinamia. Akanyooka, jasho limemtoka, akaegemea mwimo.

"Basi, Mwanne," akasema. "Leo mimi si mtu wa kuinama."

Hapo utepe ukakatika.

Mambo ya utepe huwa hivyo, ni kitambaa tu. Vipande viwili vikaning'inia, kimoja huku, kimoja huku, na katikati palikuwa pana nafasi ya kupita mtu akiwa wima. Dada Siwema akapita. Akakaa kwenye kile kiti. Nailoni ikalia chini yake, ikalia tena, kisha ikanyamaza.

Koplo Zamoyoni alisikia, akaja mbio. "Chai! Mungu wangu! Nini hiki?" Akautazama utepe. Akatazama mlango. Akamtazama Siwema, aliyekuwa anajaribu kuinuka ili aondoke na hawezi. Koplo alifumbua kinywa amfokee, naapa alitaka kufoka, lakini siku tatu za semina zilikuwa zimemjaa kooni, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Karibu, dada. Pole sana. Hapa uko salama. Nakusikiliza."

Alishtuka mwenyewe. Akatazama nyuma kuona nani amesema. Kisha, kwa kuwa wafadhili walisahau kiti cha polisi, alichukua ndoo yangu, akaipindua, akaikalia, akafungua kalamu.

Aliandika kurasa sita. Hakuuliza Siwema alimfanyia nini mtu. Aliuliza ilianza lini, inauma wapi, unaogopa nini. Nje spika ilikuwa inahesabu, moja, mbili, na ndani Siwema alikuwa anahesabu vilevile, miaka. Tishu zilitumika saba. Mbili zilikuwa za Koplo. Mwisho fomu ikagongwa mhuri, na Siwema akatokea mlango wa jikoni kwenda hospitali, ambako walikuta mbavu mbili zimevunjika na mmoja uliokuwa umevunjika zamani ukajiunga wenyewe bila kumwambia mtu.

Jioni wazee watano walifika kwa shangazi. Shangazi akasimama mlangoni na karatasi. Waliusoma mhuri, mmoja mmoja, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka.

*

Jumamosi Waziri alikuja kweli. Hakuna aliyeamini, hata yeye alionekana kushangaa. Alihutubia saa moja na nusu. Alisema serikali yake haitalala, haitakaa, wala haitasimama. Alisema mwanamke ni mama, na mama ni taifa, na taifa likipigwa mbavu, yeye Waziri anasikia maumivu hapa, akajigusa tai. Kisha akaongozwa mlangoni, nyuma yake mtoto wa shule na mkasi juu ya mto mdogo wa maua.

Utepe ulikuwa unaning'inia vipande viwili; tangu jana hakuna aliyeutazama, maana wote walikuwa uwanjani.

Mke wa Afande Kisalazo alizirai. Bendi ilipiga noti moja na nusu ikaacha. Waziri alisimama na mkasi mkononi, akasema kwa sauti iliyovunjika, "Nani ametenda unyama huu?"

Na hapa lazima niisifu nchi yangu, maana sijawahi kuona watu wakihudumia mtendewa namna ile. Saa hiyo hiyo walifika wapelelezi watatu na mbwa. Kabla ya adhuhuri utepe ulikuwa na namba ya jalada. Mtaalamu alizikagua ncha zote mbili kwa kioo, akaandika kwamba umekatwa kwa nguvu na bila ridhaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini ulikuwa mlangoni peke yako, tena mwekundu. Hakuna aliyeuliza mbona haukupiga kelele. Hakuna aliyeuambia uende nyumbani ukayamalize na familia. Uliwekwa katika bahasha safi, ukaaminiwa.

Tume ilikaa siku nne. Ilihoji kila mtu isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea chai wakati wa kuhoji. Katika majalada wakakuta zile kurasa sita, zimeandikwa Ijumaa, saa nne na dakika ishirini. Koplo Zamoyoni akaitwa. Akasema ukweli: alipofika, utepe ulikuwa umeshakatika. Nani alikuwepo hawakumwuliza. Basi wakazisoma zile kurasa neno kwa neno wakitafuta habari za utepe, na kwenye ukurasa wa tatu wakakuta kwamba Bwana Kondo hutembea na kisu cha kukatia kamba za maturubai.

Wakamkamata kwenye turubai lake mwenyewe.

"Jamani, mimi sikukata!" akalia.

"Ulikuwa wapi saa nne na dakika ishirini?" akauliza Sajini Mbwilo.

"Sajini, si ulikuwepo? Nilikuwa kwenye kipaza sauti! Moja, mbili! Moja, mbili!"

"Mbona hukufika tatu? Kati ya mbili na tatu ulikwenda wapi?"

"Hakuna tatu! Kwenye spika hakuna tatu!"

"Na utepe ulikufanyia nini?"

Bwana Kondo akawatazama wote, wale aliokuwa akiwachekesha, na kwa mara ya kwanza alikuwa mtu anayesema jambo na haaminiki. Alitoa jasho. Aliomba aitwe mtu wa kumtetea. Wakamwambia azitunze kumbukumbu zake.

Mahakamani zile kurasa sita zilisomwa kwa sauti kama kielelezo. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani mizito, alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Na hizi mbavu?" akauliza.

"Hizo, mheshimiwa, ni maelezo ya ziada," mwendesha mashitaka akasema. "Sisi tuko kwenye utepe."

"Mimi niko kwenye mbavu," Hakimu akasema, na mashitaka ya pili yakaandikwa pale pale, kwa mkono. Lakini sheria zina vipimo vyake, na vipimo vimezinduliwa zamani. Kwa mbavu, Bwana Kondo alipata miezi mitatu. Kwa utepe, miaka miwili.

Dada Siwema alicheka, akashika ubavu. Nje alinikumbatia kwa upande mzima. "Wamenisikiliza kwa mgongo wa utepe, Mwanne," akaniambia sikioni. "Sijali. Miaka miwili nalala usingizi." Kisha akanitazama sana, hakuuliza kitu, na mimi sikusema kitu.

*

Koplo Zamoyoni alihamishwa akapelekwa ng'ambo ya daraja, ambako kufika ni kwa kupita majini. Chumba cha Faraja kilifungwa kwa sababu ni mahali pa tukio. Kiti kilivalishwa nailoni mpya. Mlangoni kumewekwa utepe mwingine, mpana maradufu, na anasubiriwa waziri mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza amezinduliwa kuwa balozi. Waraka haujabadilika. Takwimu zetu ni sifuri tena, na mkoa safari hii umetuletea kombe. Nalifuta vumbi kila siku.

Leo tangu saa mbili kuna mwanamke kwenye benchi, chini ya dirisha langu. Mkono ameufunga kwa kitenge. Nimemsikia Sajini akimwambia, chini ya cheti chake, "Una bahati, dada. Mmejengewa chumba."

Tume nzima niliinywesha chai na sikusema. Hakimu nilimpisha mlangoni na sikusema. Hata hapa juu nimeandika kwamba utepe ulikatika, kana kwamba vitambaa hujikata vyenyewe vikichoka. Niliukata mimi. Bwana Kondo hakuugusa, yeye alivunja mbavu tu. Niliukata kwa kisu cha malimau, mara moja. Ufunguo bado nakaa nao. Kisu nimekinoa asubuhi hii, na sasa natoka kumwuliza huyu dada kama anaweza kuinama.